Kuwaachisha Watoto wa Bibi Arusi

Ijumaa, 3 Oktoba 1997

Mawe ya radio, zile betri, yamekufa jana. Mapya hayapatikani. Tangu nchi jirani zitufungie mipaka hata chumvi inapimwa kwa kijiko. Basi leo nasema na karatasi. Mimi ni Lukeba, fundi wa nyavu, hapa Rumonge, nyuma ya musikiti. Shule niliigusa tu nikaiacha, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa shefu wa kata, na yeye alisoma mpaka nywele zikamwisha. Kutoka Magara mpaka huku, mvuvi akisema "fundi" bila kutaja jina, anayesemwa ni mimi.

Naanza na jambo la kuudhi. Leo panya amepita mbele ya Bibi Arusi, mchana kweupe, polepole kama mutu anatoka kanisani, na Bibi Arusi hakuinuka.

Bibi Arusi ni paka. Ni mweupe, na kichwani ana baka jeusi kama mutandio, ndiyo maana marehemu mke wangu Bora alimwita hivyo. Hakuinuka kwa sababu alikuwa chini ya watoto wake. Wako watatu: Jenerali, Ministri, na kale ka kike tunakaita Kadogo. Wamezaliwa mwezi wa nne. Jenerali ukimwona kwa mbali utasema ndiye baba yao. Na bado wananyonya, wote watatu, wanalikanyaga tumbo la mama yao kama wanaponda chikichi.

4 Oktoba

Nimewamwagia maji. Wamekimbia. Nimegeuka kuweka kopo, wamerudi.

7 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Niandike kwa nini panya ni jambo kubwa, ili atakayesoma asiseme muzee amekosa kazi.

Tangu mwezi wa saba militeri wamekataza watu kuvua usiku. Wanasema usiku wenye bunduki wanapita ziwani. Wavuvi wamekunja nyavu zao wakaleta kwangu, chumba cha nyuma, wavu juu ya wavu mpaka dari. Wavu wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, unanuka ndagala hata ukikauka, na panya anautafuna kama mukate. Niliwaambia wavuvi wote, wakiwa wamesimama uani: kwa Lukeba wavu haujawahi kuingia jino. Na ni kweli. Vita ikiisha watakuja kuchukua nyavu nzima, au watakuja kuchukua jina langu walitupe ziwani.

Sasa Bibi Arusi amekonda. Ukimpapasa mgongo unahesabu mifupa. Anachokula kinatoka kwa matiti, hakibaki kwake. Binti yangu Sikujua anasema tukichelewa atakufa. Nimemwambia paka wangu hafi ovyo.

Sikujua ni mutoto wangu wa mwisho. Mume wake Ibrahim alivuka kwenda Kigoma mwezi wa sita na mutoto wao Latifa, wanakaa huko kwa shangazi. Sikujua alibaki siku chache, mpaka mimi nikubali kuvuka naye. Sikukubali. Mwaka wa sabini na mbili, watu wakiuawa, sikukimbia, nikimbie sasa na magoti haya? Basi yuko hapa, ananipikia, ananifulia, na jioni anasimama kwenye kona ya ukuta akitazama maji. Binti kumtunza baba yake si ajabu.

10 Oktoba

Jirani yangu ni Mama Chanceline. Jina lake la ubatizo ni Généreuse, ametoka Baraka upande wa Kongo, anauza ndagala wakavu mbele ya nyumba yake, na mdomo wake haulali. Ameniona nikifukuza paka kwa ufagio, akasema mutoto anaachishwa kwa umubirizi, yale majani machungu, unapaka kwenye titi. Nikamjibu kwamba majani hayo niliyajua yeye akiwa bado tumboni.

Nimeponda umubirizi kwenye kinu. Maji yake hayakushika, yaliteleza juu ya manyoya. Fundi hashindwi. Nikachanganya na mawese, yashike. Bibi Arusi alitulia nikampaka titi moja moja, mpaka mikono yangu ikawa myekundu.

Jenerali akaja. Akanusa. Akalamba kidogo, akatikisa kichwa kwa uchungu, akalamba tena. Akaja Ministri, akaja Kadogo. Paka wa hapa wamekulia kwenye sufuria za mawese, hata ungepaka mawese juu ya kaa la moto wangelamba. Walimaliza uchungu wote, wakanyonya, wakaja kunusa mikono yangu kama kuna mengine.

Mama Chanceline alicheka mpaka akakaa ndani ya beseni lake la ndagala. "Muzee," anasema, "umewatilia mchuzi."

Mwanamke huyu hana adabu.

13 Oktoba

Sikujua amemshonea Bibi Arusi kishati cha kufunika tumbo. Bibi Arusi amevaa, ameanguka ubavu, amelala hivyo hivyo kama mlevi wa sikukuu. Ministri amepasua kishati.

14 Oktoba

Mvua.

19 Oktoba

Watu wa Kizuka wameshuka kutoka mlimani, magodoro kichwani, wamejaa kwenye shule. Huko juu kuna milio. Kuvrefe imerudi nyuma, sasa jua likizama kila mutu awe ndani. Hakuna boti.

Sikujua aliambiwa hakuna boti ya kwenda Kigoma. Aliosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

24 Oktoba, baada ya sala ya Ijumaa

Nimeamua kuwagawa. Nimeanza na Jenerali.

Élysée mwenye depo ya mchele alikuwa amemwomba. Nikamwambia: mchukue, acha chumvi. Kwetu paka hauzwi, na hatolewi bure pia. Anayemchukua anaacha chumvi kidogo nyumba ile paka alikozaliwa, hata ikiwa ya kushika kwa vidole viwili, ndiyo paka anajua amehama. Usipoacha chumvi anarudi alikotoka. Bora alipomleta Bibi Arusi kutoka kwa kaka yake, aliacha chumvi, na tangu siku hiyo Bibi Arusi hajawahi kutazama njia ya kule.

Élysée ni mulokole mpya, ameokoka na bado ana moto. Akasema hayo ni mambo ya gizani, yeye anatembea na neno. Na chumvi nayo imekuwa ghali, nadhani neno na bei vilisaidiana. Akamtia Jenerali kwenye gunia akaondoka bila kuacha kitu.

25 Oktoba

Nimeamka, Jenerali ananyonya.

Nimecheka peke yangu mpaka Sikujua akatoka kuuliza kama ninaumwa. Saa nne Élysée mwenyewe amekuja, amesimama mulangoni akitazama pembeni, ametoa kikaratasi mfukoni. Chumvi. Nikamwuliza kama neno limempa ruhusa. "Chukua, muzee, usinimalize," anasema. Nimemfungia Jenerali tena kwenye gunia, ameondoka naye. Hajarudi.

2 Novemba

Titi mbili za Bibi Arusi zimepasuka. Leo maziwa yametoka na damu. Hawa wawili waliobaki hawajali, wananyonya na damu yake. Kadogo ananyonya na macho yamefumbwa, miguu ya nyuma inamwagika nje kwa urefu. Mama amelala ubavu, anaangalia ukuta. Anaweza kuwauma, meno anayo. Hawaumi.

Mama Chanceline amepitisha juu ya ukuta karatasi ya vichwa vya ndagala. Anasema ni vya paka, nisile mimi. Nimempa murakoze, yaani asante. Vichwa vilikuwa vingi, vingine vilikuwa bado na nyama. Anaviuza hivi kwa wenye bata, nimewahi kumwona.

3 Novemba

Panya mmoja kwenye nyavu. Nimesikia akitafuna. Nimepiga ukuta kwa kiatu, amenyamaza, akaanza tena.

Sitaandika ni wavu wa nani.

10 Novemba, Jumatatu

Nimepata dawa. Nimemfungia Bibi Arusi peke yake kwenye chumba cha nyavu, na kufuli, na bakuli la maji na vichwa vya ndagala. Watoto wako nje. Yeye atapumzika, panya watamwona, maziwa yatakauka. Mambo mawili kwa ufunguo mmoja. Mama Chanceline amesema ni akili nzuri, kisha akaongeza kwamba hata saa mbovu inapata saa yake.

Watoto wanalia mulangoni. Mama naye analia ndani. Sikujua amekaa chini karibu na mulango huo na kuchambua maharage, muda mrefu kuliko maharage yenyewe.

13 Novemba

Sikuandika jana. Leo naandika sana.

Jana asubuhi militeri walipita na kipaza sauti. Kata yote itoke, iende kwenye uwanja wa mpira, bila mizigo. Usiku pozisyo yao, kikambi chao cha hapa, ilikuwa imepigwa risasi, sasa wanataka kupekua nyumba. Tulitoka kama tulivyokuwa. Mimi na Sikujua, Mama Chanceline na binti yake amemshika mkono. Nilikuwa tayari uwanjani, nimeketi kwenye majani, ndipo niliposhika mfuko nikaukuta ufunguo.

Nilikuwa nimepanga kumwongezea Bibi Arusi maji asubuhi ile. Bakuli liliisha tangu jana yake.

Jua lilitoka, lile jua la katikati ya mvua ambalo linapiga kama kofi. Watu wakaanza kusema. Huyu anasema tutakaa hapa siku tatu kama walivyofanyiwa wengine. Yule anasema mulango wenye kufuli wanauvunja, na wakikuta vitu wanavichoma. Mimi nikasema nina paka ndani. Mutu wa Kizuka aliyeacha ng'ombe mlimani akacheka, akaambia wenzake: muzee analia paka. Nikasema si paka, ni nyavu, ni mali za watu. Nikasema tena habari ya maji. Nikasema tena habari ya ufunguo. Nilidhani nilisema mara moja. Mama Chanceline ananiambia leo kwamba nilisema mpaka watu wakahama walipokaa.

Sikujua akanyosha mkono. "Baba, lete ufunguo."

Nilifikiri anataka kunipokonya ili ninyamaze. Nikampa. Akaufunga kwenye ncha ya kitenge. Baadaye akainuka akaelekea upande ambao wanawake walikuwa wanajisaidia, kwenye matete, na mimi nikaendelea kumwambia jirani yangu kuhusu nyavu.

Kisha risasi. Zilitoka upande wa kwetu, upande wa musikiti. Uwanja wote ulilala chini mara moja, kama nyasi zikipigwa na upepo. Nililala na mimi. Nikanyosha mkono kumshika Sikujua nimvute chini, mkono ukashika majani.

Mama Chanceline alikuwa amelala juu ya binti yake. Nikamwuliza Sikujua yuko wapi. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Si umempa ufunguo wewe mwenyewe."

Nikasimama. Watu wote chini, mimi nimesimama. Siandiki hili kujisifu. Koplo aliyekuwa anatulinda akapiga kelele nilale. Nikamwambia binti yangu yuko kule. Akasema nilale. Nikamwambia tena. Akaja akiwa ameinama, akanisukuma begani kwa kiganja, si kwa bunduki, nikaanguka, na yeye akalala kando yangu. Kijana kutoka milimani, ananuka jasho na mafuta ya bunduki. Akaniambia kwa Kirundi kwamba nikisimama tena watanipiga mimi na yeye pamoja.

Milio ilikatika. Ikaja mvua. Hakuna aliyeinuka kutafuta pa kujificha, tulilala tu ikitupiga mgongoni. Nilikuwa nataka kuomba dua na maneno yote niliyoyapata yalikuwa kwamba paka si wa maana. Nilimwambia Mungu hivyo. Paka si wa maana. Kama kwamba ni yeye aliyekuwa anauliza.

Alitokea kwenye matete, mvua imeshalegea. Matope mpaka kifuani. Goti limepasuka. Kitenge amekifunga mbele kama mwanamke anayebeba mutoto anayeumwa, na kwenye kitenge kulikuwa na kichwa cheupe chenye baka jeusi. Alikuwa amelala kwenye mutaro muda wote wa risasi, Bibi Arusi chini ya tumbo lake. Alinipa paka.

"Shika paka yako, Baba."

Koplo alitazama, akageuza uso upande wa ziwa.

Mama Chanceline akararua kipande cha nguo yake akafunga goti la Sikujua. Alipomaliza akanigeukia. Hakuwa anacheka. "Hao paka wana miezi saba," anasema, "na unasema wananyonya ni aibu. Wewe una miaka mingapi, muzee?"

Tumerudi nyumbani leo asubuhi. Mulango wa nyavu Sikujua aliufunga tena na kufuli kabla ya kutoka. Kati ya risasi, alikumbuka kufuli.

14 Novemba

Yule mwanamke ana mdomo mbaya.

15 Novemba

Mdomo mbaya sana. Sijalala vizuri.

17 Novemba

Bibi Arusi anakula. Amelala kwenye jua. Ministri amemjia, ameingiza kichwa chini ya tumbo kama kawaida yake, na Bibi Arusi amemwuma sikio.

Ministri alilia kama gari linashika breki. Akarudi, akaumwa tena. Niliangalia sana uso wa Bibi Arusi nione kama ana hasira. Hana. Alimwuma, halafu akaanza kulamba mguu wake akitazama mbali. Matiti yanakauka. Kadogo hajasogea karibu, amekaa kwenye kizingiti, anatazama mama yake kama hamjui.

18 Novemba

Nimemwambia Sikujua mchuzi wake ni maji ya kunawia. Si kweli.

19 Novemba

Nimemwambia anafagia kwa kelele.

22 Novemba

Yule koplo amekuja mulangoni. Kumbe anataka akayabu, ndivyo wanavyomwita paka kwa Kirundi. Panya wanakula maharage yao pale pozisyo. Alisimama na kofia mkononi, "amahoro, muzee," kama mkwe anaposa. Nikamwambia sharti letu. Hakusubiri nimalize, akatoa kiberiti mfukoni, akakifungua, ndani kuna chumvi. Kwao pia wanafanya hivyo, anasema, mama yake hawezi kupokea paka bila chumvi. Nikamwuliza mama yake yuko wapi. Akasema hajui sasa.

Amemchukua Ministri, amemtia ndani ya koti, kichwa nje. Nilimwona akimwonyesha barabara.

Tumetumia chumvi yake kwenye maharage. Ilikuwa ya mwisho kuingia nyumba hii.

24 Novemba

Nimemwambia Sikujua ugali wake una mabonge na mama yake asingenipa kitu kama hicho. Hili la mama yake lilikuwa kubwa, niliona lilivyoingia. Usiku nimesikia anapumua kama mutu anayelia kwa mdomo uliofungwa. Nilitaka kugonga ukuta nimwambie. Nimeshika kiatu, nimekiweka chini.

27 Novemba

Leo amefika mwisho. Nilikuwa nimesukuma sahani. Ameketi mbele yangu, jambo ambalo hafanyi, akanitazama usoni.

"Baba, kama unataka niende, sema niende. Acha kumtukana mama."

Nikasema nenda.

Neno dogo, na nimekuwa nikilizunguka tangu mwezi wa sita. Akauliza: na wewe? Nikamwambia nina nyavu za watu. Akasema nyavu zina Bibi Arusi. Nikasema ndiyo, na Bibi Arusi ana mimi, na mimi si mzigo wa kutia kwenye boti, mimi ni fundi. Akatabasamu kidogo, kisha akalia, na mimi nikatoka nje kuangalia mvua, ambayo haikuwa inanyesha.

Mutoto wake Latifa ameng'oka meno mawili ya mbele. Ibrahim alituma habari hiyo zamani kwa watu wa boti. Sikujua anajua na mimi nilijua. Hakuna aliyekuwa ameisema ndani ya nyumba hii.

30 Novemba

Hakuna boti.

4 Desemba

Hakuna boti. Bibi Arusi ameua panya watatu kwenye nyavu, amewapanga mstari.

9 Desemba

Iko boti Ijumaa, kwa ruhusa ya komanda, itatoka mchana. Mama Chanceline ndiye aliyeongea na wenye boti. Aliongea nao siku mbili, najua kwa sababu mtaa wote ulisikia. Amesema atakuwa ananitupia jicho juu ya ukuta. Nikamwambia jicho lake nimelizoea, ni mdomo ndio sijauzoea. Akasema vinakuja pamoja.

Namwandika hapa kwa jina lake zuri, Généreuse, leo tu, na asijue.

12 Desemba, Ijumaa

Nimekwenda naye mpaka ziwani. Magoti yaliniuma lakini nilitembea nyuma yake, asinione ninavyotembea. Maji yalikuwa ya rangi ya matope ya mto, mvua imeyachafua. Watu wengi, mabeseni, watoto, militeri wanaangalia karatasi.

Kadogo nilikuwa nimemtia kwenye kikapu cha kufunika, cha marehemu Bora, nikakifunga kwa kamba ya wavu, fundo langu mimi ambalo halifunguki ovyo. Nikampa Sikujua. Nikamwambia ni wa Latifa. Mutoto aliyekaa nusu mwaka bila mama apate hata kitu cha kushika akimsubiri mama atoke sokoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno haya njia nzima na yalitoka yamepinda, nikasema tu: ni wa Latifa.

Sikujua akaweka kikapu chini. Akashika ncha ya kitenge, pale alipokuwa amefunga ufunguo siku ile, akaanza kufungua fundo. Ndani kulikuwa na chumvi. Alikuwa amekwenda kuinunua kwa Mama Chanceline, najua bei yake. Akachukua kwa vidole viwili, akanyosha mkono.

Nikafunga ngumi.

"Huyu usimwachie chumvi," nikasema. "Nyumbani iko."

Haiko. Yeye ndiye anayepika, yeye ndiye aliyekwangua kopo mara ya mwisho, na alikwangua mbele yangu. Alinitazama. Élysée hakuacha chumvi, na Jenerali alirudi asubuhi ile. Yeye alikuwepo, alitoka nje kuniuliza kwa nini ninacheka. Mkono wake ulibaki hivyo kidogo, umenyoshwa, na punje mbili tatu zilianguka kwenye mchanga. Halafu akairudisha chumvi ndani ya kitenge. Akafunga fundo. Akalikaza kwa meno.

"Sawa, Baba," akasema. "Hatuachi."

Boti iliondoka. Kelele za injini zilimfunika Kadogo, lakini nilimsikia muda mrefu. Watu wengine walipunga mikono. Mimi sikupunga, nilikuwa nimefunga ngumi bado.

13 Desemba

Mvua.

15 Desemba

Bibi Arusi amekamata panya mkubwa leo. Hakumla. Amembeba mdomoni nyumba nzima, akilia ule mlio wa kuita, ambao paka anaita watoto waje kula. Chini ya kitanda, nyuma ya kinu, kwenye kizingiti alipokuwa anakaa Kadogo. Ameita uani. Amerudi, ameita kwenye chumba cha nyavu. Sauti inatoka imezibwa na panya mwenyewe. Wakati walipokuwa wanamnyonya damu aliangalia ukuta, sasa anawatafuta awape nyama.

Nimemwacha aite. Alipochoka alimweka panya karibu na mguu wangu, akanitazama. Nikamwambia hapana, asante, kula wewe. Akala.

16 Desemba

Nimepika ugali kwa mikono yangu. Chini umeungua, katikati una mabonge makubwa, yale ya Sikujua yalikuwa watoto. Na ni mwingi, nimepima unga wa watu wawili kwa mazoea ya jicho. Hata hivyo katika wanaume wa umri wangu, kutoka Magara mpaka huku, mwenye kusonga ugali bila kufundishwa ni mimi peke yangu.

Mama Chanceline amenusa moshi. Kichwa kimetokea juu ya ukuta, akapitisha sahani ya ndagala waliokaangwa, hakucheka. Akauliza kama nina chumvi, maana hao hajawatia.

Nikasema iko.

Akaondoka, akarudi, akaniwekea juu ya ukuta kikaratasi kimefungwa. Kilikaa hapo. Mvua ilipoanza manyunyu nilitoka nikakichukua nikamrudishia mulangoni kwake, nikamwambia si sasa, chumvi ikiingia Kadogo atajua amehama, nitamwambia siku nikihitaji. "Kigoma ni mbali, muzee," anasema. Nikamwambia Jenerali naye alitoka mbali, tena ndani ya gunia.

Mulango wa mbele nimeusindika tu. Bibi Arusi amekula vichwa, mimi nimekula miili. Ndagala bila chumvi wana ladha ya ziwa lenyewe. Nimemaliza sahani.